Gesi au inesha? Kuchagua shotigani ya trapu isiyochosha bega

Siku niliyojua kwamba bega limeanza kuniendesha, shemeji yangu alinifanyia hila. Tulikuwa nje ya mji wa Dodoma tukipiga trapu, yaani kuvunja kwa shotigani visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, jua la saa kumi limelegea, upepo wa Julai unasukuma vumbi kutoka mashariki. Nilikuwa nimeshapiga visahani sabini na kitu, na kuanzia cha hamsini nilikuwa nakosa hata vile vyepesi, vya kwenda moja kwa moja mbele. Yeye ndiye aliyekuwa ananijazia bunduki. Bila kuniambia akachomeka risasi ya bandia, ile ya plastiki ya mazoezi isiyo na baruti. Nikaita, kisahani kikaruka, nikabana kifyatulio. Kimya. Ila mtutu ulizama kama kichwa cha beberu anayetaka kupiga pembe, bega likasonga mbele, na jicho, kwa maelezo yake, lilikuwa limefumba kabla hata sijabana. "Shem," akasema, "kisahani hukioni. Unapiga umelala."

Nilikuwa naogopa teke, ule mrudo wa bunduki begani. Bunduki ya siku ile ilikuwa ya mitutu miwili iliyopandana, nzuri ya kutazama. Mimi nina mtulinga wa kulia uliowahi kuvunjika kwa ajali ya pikipiki. Tangu hapo muda wangu mwingi wa mapumziko umeishia kwenye semi-otomatiki, bunduki inayojijaza risasi yenyewe baada ya kila mpigo: nimepiga za watu wenyewe wakiwa wamesimama pembeni, nimezifungua mezani, nimezisafisha, na mbili nimezimiliki. Haya ni ya mtu mwenye leseni, au aliye njiani kuipata, anayepiga trapu na anataka kumaliza visahani 100 bila kukichukia cha 101.

Wapigaji wa mitutu miwili wataniuliza kwa nini nisibaki kwao. Sababu za kubaki zipo. Ukitazama trapu ya Olimpiki utaona karibu wote wameshika mitutu miwili: kila mtutu una choki yake (mbano wa mdomoni unaopunguza mtawanyiko wa punje), mmoja wa kisahani kikiwa karibu na mwingine kikiwa kimeshakimbia, haikwami, na ikikunjwa katikati kuifungua kila mtu uwanjani anaona ni tupu. Semi-otomatiki haikukatazwa na kanuni za shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha, ISSF, mradi magazini, bomba la kuhifadhia risasi, ifungwe isipokee zaidi ya risasi moja. Iliyokatazwa ni pampu, ile ya kuvuta kwa mkono kila risasi. Kwa hiyo anayehamia semi-otomatiki havunji sheria ya mchezo, ananunua ulaini na kulipa kwa mambo mengine, nami nitayataja yote.

Kabla ya jina la kiwanda, tazama boksi la risasi

Teke halitengenezwi na bunduki. Linatoka kwenye risasi, na bunduki kazi yake ni kukufikishia tu. Hili ndilo wauzaji hawalisemi, kwa sababu bunduki ina faida kubwa kuliko boksi la risasi.

Risasi za geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu; geji 20 ni nyembamba zaidi) za kuvunjia visahani huja zaidi kwa uzito wa aina tatu: gramu 24, 28 na 32 za marisau, zile punje za ndani. Trapu ya Olimpiki hairuhusu zaidi ya 24. Trapu ya Kimarekani, ambayo kila kisahani kinapewa risasi moja tu, inaruhusu mpaka aunsi moja na moja ya nane, yaani karibu gramu 32. Sasa fanya hesabu. Bunduki ileile, kasi ileile ya mita 400 kwa sekunde, ukishuka kutoka gramu 28 hadi 24 nguvu ya teke inapungua kwa karibu robo. Ukipanda kutoka 28 hadi 32 inaongezeka kwa kiasi hichohicho. Ukibaki na gramu 28 lakini ukachukua za mwendo wa pole, mita 370 badala ya 400, umepunguza kama asilimia 15. Kisahani cha udongo cha gramu 105 hakijui tofauti. Kikiguswa na punje mbili tatu za namba saba na nusu, zenye kipenyo cha milimita 2.4, kinavunjika.

Uzito wa bunduki nao unahesabika. Ya kilo 3.6 inapiga teke pungufu ya ile ya kilo 3.2 kwa zaidi ya asilimia 10, risasi ikiwa moja. Ndiyo maana siwaelewi wanaonunua geji 20 "kwa ajili ya mama" wakidhani ni laini. Geji 20 yenyewe mara nyingi ina kilo 2.6 hadi 2.9. Weka gramu 24 humo, halafu weka gramu 24 kwenye geji 12 ya kilo tatu na nusu, uone bega la nani litalalamika. Tena geji 20 hapa kwetu sijawahi kuikuta kwa urahisi dukani.

Hapo ndipo penye tatizo la kwetu. Mpigaji wa Italia anachagua risasi rafu nzima. Sisi tunachukua lilichonacho duka siku hiyo: leo 28, mwezi ujao 32 za kupigia kanga, siku nyingine 24 zilizoletwa na mtu kwa mashindano. Kwa hiyo swali la kwanza kwa bunduki yoyote ya Dodoma ni kama itakula chochote inachopewa. Swali la ulaini linafuata.

Mbio mbili za ndani

Semi-otomatiki za leo zinafanya kazi kwa njia mbili, na ukizielewa hizi majina yote ya viwandani hayatakutisha.

Ya gesi ina vitundu vidogo upande wa chini wa mtutu. Marisau yakishavipita, sehemu ya gesi ya baruti inashuka kupitia vitundu hivyo, inasukuma pistoni, pistoni inasukuma nyuma bolti, chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ganda linatupwa nje, risasi nyingine inapanda. Jumla ya teke iko palepale. Kilichobadilika ni mwendo wake: badala ya kuja kama ngumi moja, linakuja kama msukumo wa mtu anayekusogeza kwenye mlango wa daladala. Aliyewahi kupanda bodaboda kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Hombolo analielewa hili bila kuchorewa. Shimo ni lilelile, na shokapu ndiyo inayoamua kama kiuno kitapata habari.

Ya inesha haitumii gesi kabisa. Ndani ya bolti kuna springi fupi, nene. Bunduki ikirushwa nyuma na mlipuko, mwili wa bolti unagoma kuondoka nayo, kama abiria aliyesimama anavyobaki nyuma basi likiondoka ghafla. Springi inabanwa, kisha inajinyoosha na kuitupa bolti nyuma. Benelli wa Urbino, Italia, wako nayo tangu mwaka 1967 na ndiyo iliyowapa jina. Ni ufundi wa kupendeza, una vipande vichache, na hauachi masizi mbele ya bunduki.

Lakini angalia kilichofichwa humo: ili inesha ifanye kazi, bunduki lazima irudi nyuma. Yaani lazima ikupige. Dawa zote za teke nilizotaja juu, risasi nyepesi na bunduki nzito, kwa inesha ni sumu ya polepole. Ongeza uzito kwenye magazini ili itulie, bolti inaweza kukosa nguvu ya kufungua mpaka mwisho. Weka gramu 24 za mwendo wa pole, ganda linaweza kubaki limesimama mlangoni kama mgeni asiyejua kama aingie au atoke. Zinazotengenezwa kwa ajili ya visahani huwa zinazimeza 24 vizuri zikishazoea, ila ile iliyojengwa kumeza risasi ndefu za milimita 89 za kuwindia mabata ina springi za kazi nzito. Ukinunua hiyo kwa trapu umenunua fuso kwenda sokoni kuchukua fungu la mchicha. Chemba, pale mtutuni inapokaa risasi, ya milimita 76 inatosha na inabaki.

Kwa trapu tupu, basi, mimi ni mtu wa gesi. Ninayoyasema huko mbele yasome ukijua hivyo.

Zenyewe zikiwa mezani

Beretta A400 Xcel ndiyo iliyonifanya nicheke kwa sauti mara ya kwanza. Nilibana kifyatulio nikadhani imepiga nusu. Ina uzito wa kama kilo tatu na nusu, gesi yenye vali inayotoa nje ya ziada, na kama umechagua yenye Kick-Off, kitako kina shokapu za mafuta kabisa, zinabonyea ukiipiga. Inakula 24 mpaka 32 bila kubadilisha chochote. Kasoro ya kwanza ni bei: kwa bei za Marekani iko kwenye dola 2,000 hivi, kabla hujaweka usafiri, ushuru na mkono wa kila anayeipitisha. Ya pili ni ndogo ila inanikera. Kitako kinachobonyea kinasogea usoni, na kwa mpigaji anayebana shavu kwa nguvu, ule msuguano unahesabika kufikia kisahani cha themanini. Shemeji anasema hausikii. Ana mashavu mengine.

Wazee wake ni AL390 ya miaka ya 1990 na AL391 iliyoirithi. Hizi ndizo ninazompendekezea mtu wa kawaida, na sioni aibu kusema ndiyo ninayopigia. Hazina shokapu za kitakoni, lakini zina ileile busara ya vali ya gesi: risasi ikiwa kali, gesi ya ziada inatolewa nje, ikiwa nyepesi, inatumika yote. Uzito unatosha, kitako cha mbao kinaweza kurekebishwa na fundi, na zilitengenezwa kwa wingi hata vipuri havijawa hadithi. Ukipata moja iliyotunzwa, kwa bega langu tofauti yake na Xcel mpya ni ndogo, na tofauti ya bei inanunua risasi za misimu.

Remington 1100 ni ya mwaka 1963 na bado kuna watu hawajaona laini kama hiyo. Ni nzito, karibu kilo 3.6, na mwendo wake wa nyuma ni mrefu, wa taratibu. Wamarekani walipiga nayo trapu miongo kwa miongo. Nilipoipiga nilielewa kwa nini: inakurudisha, haikupigi. Lakini ina tabia zake. Vitundu vyake vya gesi vimepimwa kwa risasi za aina fulani, haijirekebishi kama Beretta, na gramu 24 zinaweza kuishinda. Halafu kuna oringi, ile pete ya mpira inayokaa kwenye bomba la magazini kuzuia gesi isivuje. Ikikatika, semi-otomatiki yako imekuwa bunduki ya risasi mojamoja papo hapo. Kipande cha bei ya soda! Kampuni nayo ilifilisika na kugawanywa mwaka 2020, na kiwanda cha Ilion, New York, kikafungwa mwaka 2024. Ukinunua 1100, nunua na oringi kadhaa, springi na kichomoa ganda, uweke kwenye kopo.

Winchester SX4 na ndugu yake Browning Maxus ni za gesi pia, na kwa thamani ya pesa SX4 ni ngumu kuipita. Vali yake inajirekebisha, mpira wa kitakoni umetengenezwa ili kitako kishuke mbali na shavu badala ya kupanda. Udhaifu wake kwa trapu ni wepesi, kama kilo 3.1 au 3.2. Kwa 24 hutaona shida. Kwa 32, raundi ya tatu ya visahani 25 itakukumbusha. Uzuri ni kwamba ya gesi ukiiongezea uzito haikasiriki, kwa hiyo kipande cha madini ya risasi, gramu mia mbili hivi, kitakoni na kingine mbele, kinaitengeneza vizuri. Pima mizani isielemee upande mmoja.

Upande wa inesha, Benelli za kitako cha ComforTech, ambacho kimekatwa mshazari na kujazwa vipande laini, na mpira wake wa nyuma ni wa jeli, ni jibu la kiwanda kwa tatizo nililolieleza. Wameiacha bunduki irudi inavyotaka, wakaweka ulaini kati yake na wewe. Inafanya kazi kweli. Bila kitako hicho, Montefeltro ya mbao ya kilo 3.2 ni mrembo mkali: teke lake ni fupi na la ncha. Nimepiga 50 nayo nikafurahi, nikapiga 100 nikanyamaza njia nzima ya kurudi nyumbani.

Stoeger M3000 inatoka Uturuki, ni ya inesha, na kampuni iko ndani ya familia ileile ya Beretta na Benelli. Kwa bei za Marekani ni kama theluthi ya Xcel. Ikiwa mpya ina ukakasi. Inataka kwanza maboksi kadhaa ya risasi nzito ndipo ianze kukubali nyepesi. Hebu fikiri maana yake kwa mtu mwenye bega bovu: unaanza kwa kupigwa ili baadaye usipigwe. Waturuki wengine, na ni wengi, wanatoka zaidi mkoa wa Konya, miji ya Huğlu na Üzümlü, kisha wanavikwa majina ya kila aina. Zipo nzuri na zipo za kubahatisha. Usinunue ambayo hujaiona ikitupa maganda 50 mfululizo.

Na kuna ya babu. Majumbani, hasa kwa wazee waliofanya kazi za mashamba au wanyamapori, bado utakuta Browning Auto-5, ile ya nundu mgongoni. John Browning aliibuni mwishoni mwa karne ya 19, na FN wa Ubelgiji wakaanza kuitengeneza miaka ya mwanzo ya 1900. Hii si gesi wala inesha ya Benelli. Mtutu mzima unarudi nyuma pamoja na bolti. Mzee mmoja aliniita nikamwangalizie yake, anasema inamvunja. "Mbukwa," nikamwamkia, tukakaa, chai ikaja. Tulipofungua kofia ya mbele tukakuta pete za msuguano zimepangwa kwa risasi nyepesi, naye miaka yote anapiga nzito. Mtutu ulikuwa unagonga nyuma kama nyundo kila risasi. Tukazipanga upya. Hakuniamini mpaka alipopiga, halafu akaniambia, "Mwanangu, kumbe nimepigwa na bunduki yangu miaka ishirini bure." Kwa trapu siishauri, lakini kama unayo na inakuumiza, anza na pete kabla ya kuiuza.

Vumbi

Hapa ndipo wenzangu wa inesha wananishinda, na lazima niseme ukweli. Gesi inakula masizi yake yenyewe. Baada ya risasi mia mbili tatu pistoni ina ganda jeusi la kukwangua, na vitundu vinaanza kuziba. Ongeza vumbi jekundu la kiangazi cha Dodoma, linaloingia mpaka ndani ya saa ya mkononi, na ongeza tabia yetu ya kudhani kwamba kinachokwama kinahitaji mafuta. Mafuta mengi pamoja na vumbi ni tope. Bunduki ya gesi hapa inataka kufutwa mpaka ikauke, halafu tone moja la mafuta mepesi kwenye reli za bolti, basi.

AL391 yangu ilianza kugoma Septemba moja. Bolti inarudi nyuma lakini inakuja mbele kwa uvivu, inasimama kidole kimoja kabla ya kufunga. Nikasafisha pistoni, vitundu, chemba, kifyatulio. Ikagoma tena. Fundi mmoja mwenye umri wa kuitwa babu akaniuliza swali moja tu: "Springi ya kitakoni umeitoa?" Sikujua kama ipo. Iko ndani ya bomba lililofichwa na kitako, ndiyo inayorudisha bolti mbele, na Beretta, Remington, SX4 na Benelli nyingi wanayo hapohapo. Tukafungua. Kilichotoka ndani kilikuwa cha rangi ya ugoro na chenye unyevu wa ugoro, kimeifunga springi nusu ya urefu wake. Aliyeniuzia alikuwa ameipaka mafuta kwa kumimina, bunduki ikiwa imesimama, miaka nenda rudi. Tangu siku hiyo naifungua mara moja kila mwaka kabla ya mvua za Desemba, na baada ya kuipaka mafuta nailaza mdomo chini, ili yanayotiririka yaende mbele.

Benelli haina mambo mengi hivyo. Inapitishwa kitambaa mtutuni, bolti inafutwa, mtu anaondoka. Kama wewe ni mtu unayerudisha bunduki kabatini na jasho lake, na unajijua, chukua ya inesha yenye kitako cha jeli, tuishie hapo. Gesi isiyosafishwa haina ulaini wowote. Bunduki iliyokwama haipigi teke, ila haipigi na kisahani pia.

Shavu, bega na jirani

Nimewahi kumwona binti mwembamba akipiga 1100 nzito akitoka na alama ya bluu shavuni, na baba yake akipiga bunduki hiyohiyo bila alama. Kitako kilikuwa kirefu kwake. Alikuwa anakinyooshea shingo, shavu linagusa kwa juu juu, kila risasi kinamchapa kofi. Tulipokipunguza sentimita mbili na kuongeza mpira laini, alipiga raundi tatu akataka ya nne. Kwa hiyo unapolinganisha bunduki mbili dukani, funga macho, iweke begani, weka shavu, kisha fungua macho. Kama unaona mgongo wa nyuma wa bunduki badala ya shanga ya mbele, au inabidi utafute, hiyo itakuumiza hata kama ina shokapu za treni. Semi-otomatiki nyingi za kisasa zinakuja na vipande vyembamba vya kuweka kati ya kitako na mwili kubadilisha mwinamo. Watu wanaviacha kwenye boksi. Vitumie.

Kuhusu choki nitasema kwa kifupi kwa sababu haina uhusiano na bega: una mtutu mmoja, kwa hiyo una choki moja kwa risasi zote mbili. Kwa trapu ifunge ya robo tatu usahau.

Jirani asisahaulike. Semi-otomatiki inatupa ganda la moto upande wa kulia, na kwenye mstari wa trapu upande wa kulia kuna mtu. Kipande cha waya au mpira mnene kinachofungwa kando ya mlango wa ganda kinalishika lisiruke. Kitengeneze kabla hujaombwa. Anayepiga kwa bega la kushoto anapata ganda likikatiza mbele ya uso wake, ingawa Benelli na Remington wote wamewahi kutengeneza za mkono wa kushoto. Halafu, kwa kuwa hakuna anayeweza kuona kutoka mbali kama semi-otomatiki ni tupu, bolti ikae wazi muda wote usiopiga, na bendera ya plastiki ya rangi kali iwe imechomekwa chemba. Mimi simruhusu mtu kutembea na semi-otomatiki iliyofungwa nyuma yangu, hata awe afande.

Ganda hilohilo likuambie afya ya bunduki. Likianguka mita mbili au tatu kutoka miguuni, gesi iko sawa. Likianguka kwenye kiatu chako, ama risasi ni dhaifu au vitundu vimeziba. Likiruka kama limefukuzwa, mita nne tano, bunduki inapata nguvu kuliko inavyohitaji, na sehemu ya nguvu hiyo inakuja begani.

Kabla ya kutoa pesa

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayotawala, na leseni haiji baada ya bunduki. Andika jina kamili la modeli, geji na namna inavyofanya kazi, upeleke kwa polisi wanaohusika na silaha uulize kama aina hiyo itapewa leseni kwa matumizi yako, kabla hujamtumia muuzaji hata shilingi ya uaminifu. Neno semi-otomatiki linafungua masikio ya watu, na wao ndio wenye kauli ya mwisho. Vipimo vya kabati na mahali pa kupigia uliza hapohapo, usirudi mara mbili.

Shemeji naye ameamua. Baada ya kunicheka miezi yote ile, amechagua ya inesha, Benelli ya ComforTech, kwa sababu wakati wa msimu anatembea na kibali chake kutafuta kanga na kwale upande wa Manyoni kutwa nzima, na kilo tatu na nusu za bunduki begani saa nane mchana si mzaha. Trapu anapiga raundi mbili, anakaa chini ya mgunga. Hesabu yake ni ya haki. Angekuwa anapiga raundi nne kama mimi ningemgombeza.

Mimi nimebaki na 391 yangu. Jumamosi iliyopita alinijazia tena, na nilimwona akiingiza mkono kwenye mfuko wa shati ambamo huwa anaweka ile risasi ya plastiki. Sikusema kitu. Niliita, kisahani kikatoka kushoto, nikabana. Kimya tena, na mtutu ukabaki ulipokuwa, umetangulia kisahani kwa upana wa mkono, mpaka kikaanguka chenyewe kwenye majani makavu.